Hati ya uwakilishi kwenye akaunti za akiba: inapofaa na inapokwama

Hukumu kwanza, maelezo yatafuata. Kwa kuendesha akiba ya mtu asiyeweza kufika benki mwenyewe, hati ya uwakilishi, yaani maandishi ya kisheria ambayo mwenye akaunti (mtoa hati) humpa mtu mwingine (mwakilishi) mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, ndiyo njia safi kuliko zote. Pesa zinabaki za mwenyewe, kila muamala una jina la aliyeufanya, na mwenye akaunti anaweza kuifuta hati siku yoyote maadamu ana akili timamu. Ila huduma ambayo benki hutoa kwa mwenye hati hiyo inatofautiana mno kulingana na mlango unaoingilia. Dirishani inafanya kazi, polepole lakini inafanya. Kwa simu ni nusunusu. Kwenye programu ya simu na mtandao, mara nyingi unaambiwa "haiwezekani kwa sasa", na hiyo "sasa" haina mwisho. Anayetarajia kusaini hati asubuhi na jioni kuona salio la mzazi wake kwenye simu yake ajiandae kusubiri.

Chanzo cha usumbufu ni kwamba nguvu ya hati inatoka kwenye sheria, lakini ufunguo uko kwa benki. Mpaka jina la mwakilishi liingizwe kwenye mfumo wa benki dhidi ya kila akaunti, keshia hana anachokiona kwenye skrini yake zaidi ya mgeni mwenye karatasi. Kwa hiyo ubora wa huduma hii unaamuliwa na mambo mawili: maneno yaliyomo kwenye hati, na siku uliyoipeleka kusajiliwa.

Maneno ya hati

Kuna hati ya jumla na hati maalumu. Hati maalumu, inayotaja benki na namba za akaunti, hupita haraka kwa sababu afisa hana cha kutafsiri. Kasoro yake ni kwamba akaunti itakayofunguliwa baadaye, au namba mpya benki inapobadilisha mfumo, inabaki nje. Hati ya jumla inashika kila kitu kwa nadharia, lakini hupelekwa kitengo cha sheria na huko hukaa. Mchanganyiko ndio bora: kifungu kipana kinachosema "akaunti zangu zote za akiba, zilizopo na zitakazofunguliwa kwa jina langu", halafu jedwali mwishoni lenye jina la kila benki, tawi na namba ya akaunti.

Muhimu zaidi ni vitenzi. Benki husoma hati kwa jicho jembamba, na mahakama zinazofuata sheria ya asili ya Kiingereza nazo hufanya hivyohivyo: kisichotajwa hakijatolewa. Wengi huandika "kuweka na kutoa fedha" wakaridhika. Wakija kukwama, hukwama kwenye vitenzi vilivyosahaulika: kuhamisha kwenda benki nyingine, kufunga akaunti, kufungua mpya kwa jina la mtoa hati, kuhuisha au kuvunja amana ya muda maalumu (pesa zilizofungwa benki kwa kipindi kilichokubaliwa), kupata taarifa za akaunti za miaka iliyopita, kubadilisha anwani, kuomba kadi, kutumia huduma za kielektroniki. Andika vyote. Wino haugharimu kitu ukilinganisha na kurudi kwa wakili wakati mtoa hati hawezi tena kusaini.

Na hapo ndipo penye kasoro kubwa ya chombo hiki. Katika nchi nyingi zenye asili ya sheria ya Kiingereza, hati ya kawaida ya uwakilishi hukoma pale mtoa hati anapopoteza uwezo wa akili wa kuamua mambo yake. Yaani inazimika saa ileile inapohitajika kuliko wakati wowote. Baadhi ya nchi zimeziba pengo hilo kwa sheria. England na Wales zina hati ya kudumu ya aina ya sasa tangu Oktoba 2007, nayo haitumiki mpaka isajiliwe kwenye ofisi ya serikali inayosimamia hati hizo. Marekani, majimbo yaliyopokea sheria ya mfano ya 2006 kuhusu hati za uwakilishi (iliyoandikwa ili kila jimbo liamue kuipitisha) huichukulia hati kuwa ya kudumu isipokuwa yenyewe iseme vinginevyo. Pasipo na sheria ya namna hiyo, familia hulazimika kwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali ateuliwe. Swali la kwanza kwa wakili, kabla ya bei, ni hili: hati hii itaendelea kuishi mtoa hati akipoteza fahamu au kumbukumbu? Kama jibu ni ndiyo, akuonyeshe sentensi inayosema hivyo.

Wawakilishi wakiwa wawili, tazama sana kiunganishi. "Kwa pamoja" maana yake saini mbili kwenye kila fomu, na huduma ya mtandao ndiyo basi, kwa kuwa mifumo mingi haijui kusubiri kidole cha pili. Mmoja akifariki au akijitoa, katika sheria nyingi uwakilishi wote huanguka. "Kwa pamoja au kila mmoja peke yake" huondoa kero hiyo, ingawa huondoa pia ule mlinzi wa pili. Kwa akiba ya matumizi ya kila mwezi, chagua la pili. Kwa kuuza mali au kuvunja amana kubwa, hati inaweza kudai saini zote mbili kwa mambo hayo tu. Mwakilishi mbadala, wa kushika nafasi endapo wa kwanza hawezi, atajwe humohumo.

Kusajili benki

Nenda tawi linalotunza akaunti, na kama mwenye akaunti anaweza kutembea, nenda naye. Dakika ishirini za yeye kuketi mbele ya afisa na kusema "huyu namjua, nimempa mimi" zinaokoa barua nyingi za kitengo cha sheria. Asipoweza kutoka, uliza kama benki hutuma afisa nyumbani au hospitalini. Nyingi hufanya hivyo lakini hazitangazi.

Mzigo wa kubeba: hati halisi au nakala iliyothibitishwa, kitambulisho halali cha mwakilishi na cha mwenye akaunti, uthibitisho wa anwani ya mwakilishi, picha ndogo, namba za akaunti zote na namba ya mlipakodi pale inapodaiwa. Benki itaongeza fomu yake yenyewe na kadi ya saini ya mfano. Usibishane na fomu hiyo hata kama hati tayari inasema kila kitu. Fomu ndiyo inayoingizwa kwenye mfumo, hati inabaki kuwa kiambatisho. Ila isome kabla ya kusaini, kwa sababu baadhi ya fomu huwa finyu kuliko hati: zina visanduku vya kutoa na kuweka peke yake, na kisanduku usichokiweka alama keshia atakichukulia kama hapana.

Hati halisi usiiache. Afisa aione, apige nakala, agonge muhuri wa kuthibitisha kwamba ameiona, akurudishie. Ikibidi ibaki, upewe stakabadhi yenye tarehe na jina la aliyeipokea. Andaa nakala zilizothibitishwa, moja kwa kila benki na moja ya ziada nyumbani. Uthibitisho uwe kwenye kila ukurasa, kwani nakala iliyogongwa muhuri ukurasa wa mwisho tu hukataliwa mara kwa mara.

Na pini! Hati ya kurasa kadhaa hubanwa kwa pini au uzi kisha muhuri ukagongwa. Mtu anaifungua ili kupiga nakala vizuri, anaibana tena, na sasa pembeni kuna matundu mawili ya ziada. Kwa afisa makini, matundu hayo ni dalili kwamba huenda ukurasa umebadilishwa, na hana namna ya kujua vinginevyo. Piga nakala kwa kukunja kona. Usiifungue kabisa.

Sababu nyingine za kukataliwa zinajirudia kiasi kwamba unaweza kuzikagua mwenyewe mezani. Majina kwenye hati, kitambulisho na akaunti yafanane herufi kwa herufi. Jina la kati likikosekana sehemu moja, tafuta mapema kiapo cha majina, kinachosema kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Masahihisho ya kalamu yawe na saini fupi za waliosaini hati na shahidi. Tarehe isomeke, isifunikwe na muhuri. Ushuru wa stempu uwe umelipwa pale unapotakiwa. Hati iliyosainiwa nchi nyingine inahitaji cheti cha apostili, kinachothibitisha saini na muhuri wake ili ikubalike nje, ikiwa nchi zote mbili zimo kwenye mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961; nje ya hapo inapitia wizara na ubalozi, hatua kwa hatua. Ikiwa imeandikwa kwa lugha ambayo benki haifanyii kazi, tafsiri iwe ya mtafsiri anayetambulika, ikiwa na muhuri wake.

Saini ya mwenye akaunti nayo ni mtego. Mtu aliyefungua akaunti miaka thelathini iliyopita, leo mkono unatetemeka au alipata kiharusi, saini yake kwenye hati hailingani na ile iliyo kwenye kumbukumbu za benki. Mfumo unalalamika, afisa anarudi nyuma. Dawa ni kusasisha saini, au kuweka alama ya dole gumba mbele ya shahidi, kabla ya kuwasilisha hati au siku hiyohiyo. Kwa mpangilio huo hati inakuja na saini ambayo benki imeshaipokea.

Majibu yakija kwamba usajili umekamilika, jaribu kwa kiasi kidogo dirishani. Kisha jaribu tawi jingine. Ikiwa tawi la pili halioni jina lako, usajili uliofanyika ni wa faili la karatasi tu na haujaingia kwenye mfumo mkuu. Rudi udai ukamilishwe ukiwa na namba ya kumbukumbu mkononi.

Dirishani, kwa simu, mtandaoni

Dirishani mwakilishi husaini saini yake mwenyewe, chini yake akiandika jina lake na maneno "kwa niaba ya" fulani. Wapo wanaoiga saini ya mwenye akaunti ili kuepuka maswali, wakiamini hati iliyo kwenye mkoba inawalinda. Haiwalindi. Kuiga saini ni kughushi, na benki ikigundua itafunga mlango kwa mwakilishi halali pamoja na mghushi, maana ni mtu mmoja.

Kwa simu, kituo cha huduma kitakuuliza maswali ya usalama ya mwenye akaunti: tarehe ya kuzaliwa, muamala wa mwisho, neno la siri. Ukijibu kana kwamba ndiye wewe, umejifanya mtu mwingine kwenye mazungumzo yanayorekodiwa. Jitambulishe kama mwakilishi tangu sentensi ya kwanza na uombe upewe utambulisho wako wa simu. Ukiambiwa huo haupo, basi kwa benki hiyo simu ni ya kuulizia saa za kufungua tawi.

Mtandaoni ndiko huduma hii inakopata alama za chini. Namba ya uthibitisho hutumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Familia nyingi huhamishia laini ya mzazi kwenye simu ya mtoto, mtoto anaingia kwa namba ya siri ya mzazi, maisha yanaendelea. Inaeleweka, lakini gharama yake haionekani mpaka siku ya balaa. Masharti ya karibu kila benki yanakataza kumpa mtu mwingine namba ya siri, hivyo wizi ukitokea benki ina sababu ya kukataa kufidia. Pia miamala yote inasomeka kama ya mzazi, na ndugu wakianza kuuliza nani alitoa nini, mwakilishi mwaminifu hana la kujitetea. Omba kuingia kwa utambulisho wako: jina lako la mtumiaji, nywila yako, kadi yenye jina lako. Zipo benki zinazotoa hivyo. Zisizotoa, uliza kama kuna ruhusa ya kuona bila kutoa, ambayo hupatikana kirahisi zaidi. Na usibadilishe namba ya simu ya mwenye akaunti kuwa yako; ujumbe wa taarifa za miamala uende kwenu wote wawili ikiwezekana, kwake hasa.

Amana za muda na akaunti zilizolala

Akaunti ya akiba ya kawaida haina shida nyingi ikishasajiliwa. Amana ya muda maalumu inataka kalenda. Nyingi hujihuisha zenyewe siku ya kuiva kwa riba ya siku hiyo, isipokuwa maagizo yawe yamefika kabla. Mwakilishi asiyejua tarehe hufika wiki mbili baadaye akihitaji pesa ya matibabu, akute zimefungwa upya.

Tazama hesabu. Amana ya 1,000,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, siku 180, inaiva na riba ya takriban 39,452. Ukiivunja siku ya 150 na benki ikalipa riba ya akiba ya kawaida, tuseme asilimia 2, unapata takriban 8,219. Siku thelathini za kutosubiri zimekula 31,233 kabla ya adhabu yoyote nyingine. Kwa hiyo siku ya kusajili hati, omba orodha ya amana zote ikiwa na tarehe ya kuiva, riba, na kama kila moja inajihuisha. Kisha toa agizo la maandishi mapema: ikiiva, pesa ziingie akaunti ya akiba yenye jina lilelile. Uliza pia kama mkopo dhidi ya amana ungekuwa nafuu kuliko kuivunja, ila ujue kwamba kukopa ni kitenzi kingine kinachotakiwa kuwemo kwenye hati.

Akaunti isiyotumika kwa muda hulala. Riba inayoingizwa na benki haihesabiki kama matumizi ya mteja, wala makato ya mwezi, kwa hiyo salio linaweza kuwa linatembea huku akaunti imesinzia. Kuiamsha, benki nyingi hutaka mwenyewe afike, na mwakilishi huzungushwa hata kama hati inaruhusu. Weka kiasi kidogo kwenye kila akaunti walau mara moja kwa mwaka, iwe kwa jina la mwenyewe. Zikiachwa miaka mingi, katika nchi nyingi fedha hupelekwa kwenye mamlaka ya mali zisizodaiwa, na kuzirudisha ni safari nyingine.

Pochi za pesa kwenye simu na vyama vya akiba na mikopo ni dunia yake. Pochi imefungwa kwa laini na kitambulisho cha mtu mmoja. Tarajia kushughulikiwa kwenye kituo cha huduma, wala si kwa wakala wa mtaani. Kwenye chama, akiba na hisa ni vitu viwili, na hati inayotaja akaunti za akiba peke yake haigusi hisa.

Njia nyingine zinazoshindana nayo

Akaunti ya pamoja hupendwa kwa sababu ni rahisi: jina linaongezwa, kadi inatoka, kila mtu anaona salio. Lakini inabadilisha umiliki. Wadai wa mtoto aliyeongezwa wanaweza kuifikia, ndoa yake ikivunjika inaweza kuingizwa kwenye mgawanyo, na mzazi akifariki ndugu wengine wanabaki wakibishana kama pesa ni za aliyebaki hai au ni za mirathi. Kwa wanandoa ni sawa. Kwa mtoto mmoja kati ya watano, hapana.

Idhini ya benki, ile fomu ya kumruhusu mtu wa pili kutia saini, ni ya haraka na mara nyingi bure. Inafaa kwa safari au ugonjwa wa muda mfupi. Inahusu benki hiyo peke yake na kwa kawaida hukoma mwenye akaunti akipoteza uwezo wa kuamua. Kumpa mtu kadi na namba ya siri tusiihesabu kama njia.

Wajibu unaokuja na hati ni mzito kuliko wengi wanavyodhani. Pesa za mtoa hati zisilale kwenye akaunti ya mwakilishi hata usiku mmoja, hata kwa nia ya "kurahisisha": zikichanganyika zinaonekana kuwa za mwakilishi mbele ya wadai wake, mbele ya warithi wake, na kwenye kikomo cha bima ya amana, yaani kiasi cha juu ambacho mteja hufidiwa benki ikianguka. Lipa hospitali na msaidizi wa nyumbani moja kwa moja kutoka akaunti ya akiba, badala ya kutoa fungu la taslimu. Zawadi na mikopo, hasa kwa mwakilishi mwenyewe, kwa kawaida haviruhusiwi isipokuwa hati imetaja waziwazi. Daftari la mistari minne kwa mwezi linatosha: salio la mwanzo, yaliyoingia, yaliyotoka, salio la mwisho, risiti zikiwa zimebanwa nyuma ya ukurasa. Mstari wa nne ulingane na taarifa ya benki. Usipolingana, tafuta tofauti mwezi huohuo.

Kufuta na kukoma

Mtoa hati akitaka kuifuta, aandike, asaini, na barua ipelekwe kila benki iliyosajili, nakala irudi na muhuri wa kupokelewa. Kumwambia mwakilishi kwa mdomo hakuizuii benki kuendelea kumhudumia. Kama hati ilisajiliwa kwenye ofisi ya serikali, kufuta nako kusajiliwe hukohuko. Kadi na vitabu vya benki virudishwe.

Kifo huizima hati saa ileile, iwe benki imejua au haijajua. Sheria nyingi humlinda mwakilishi aliyefanya muamala bila kujua. Hazimlindi aliyetoka msibani akapitia mashine ya kutolea pesa, hata kama anadai ni za mazishi. Benki zina utaratibu wa kulipa gharama za mazishi moja kwa moja kwa ankara, ulizia huo. Peleka cheti cha kifo mapema ili maagizo ya kudumu ya malipo yasimame, kisha omba taarifa ya salio la tarehe ya kifo kwa kila akaunti. Kuanzia hapo anayeshughulika na akiba ni msimamizi wa mirathi, na hata akiwa ni yuleyule aliyekuwa mwakilishi, anaingia kwa nyaraka nyingine na kwa akaunti nyingine. Daftari na risiti za miaka yote mkabidhi yeye kwa orodha iliyosainiwa na pande mbili. Ana haki ya kudai hesabu za kipindi chote cha uwakilishi.